Jina la Shule ya Ushago Linajua Mengi Kukuliko

Wasee, hebu niwaulize. Bismarck unamjua, si ndio? Ulikariri Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885, ukapata maksi zako. Sasa niambie nani alianzisha shule aliyosomea shosho yako. Kimya.

Leo twende Vihiga. Ni kaunti ndogo, haifiki kilomita za mraba 600, lakini sensa ya 2019 ilihesabu watu karibu 590,000 huko. Ukipita barabarani utaona vibao vya shule vimeandikwa "Friends". Wengi wetu tunapita tu. Kumbe hilo neno moja ni historia nzima.

Mwaka 1902 Wamarekani watatu wa Kanisa la Marafiki, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka mmoja tu kabla. Hawakuja na mahubiri peke yake. Waliita misheni yao ya viwanda, na Kaimosi ikapata mashine ya kupasua mbao, hospitali na shule. Upande wa Bunyore, Church of God wakashika Kima. Ndio maana hadi leo jina la shule linaweza kukuambia ni misheni gani ilitangulia kufika hapo.

Lakini msidanganyike ati ilikuwa kazi ya wazungu pekee. Emory Rees alipotafsiri Biblia kwa Lulogooli, aliyekuwa naye akipima kila neno ni Joel Litu, Mmaragoli. Biblia nzima ilitoka 1951. Halafu kuna Chavakali. Mwaka 1959 ilianza kama sekondari ya kutwa, wakati sekondari nyingi za Waafrika zilikuwa za bweni. Earlham, chuo cha Marafiki kule Indiana, kilisaidia kuleta walimu, na kilimo kikafundishwa darasani kama somo la maana. Fikiria hiyo ilimaanisha nini kwa mzazi asiye na pesa za bweni: mtoto anasoma sekondari na jioni analala kwao.

Sasa hapa ndipo naumia. Lulogooli iliandikwa vitabuni kupitia misheni na shule zake. Baadaye, katika shule nyingi za Kenya, mtoto akiongea lugha ya mama alivishwa monto shingoni, akachekwa, akachapwa. Yaani darasa lililohifadhi lugha ndilo lilikuja kuifanya aibu. Hadithi kama hiyo si inafaa tuijue yote, nzuri na mbaya?

Mtaala unagusa kaunti kidogo Gredi ya 4, kisha tunapanda ndege kwenda Ulaya. Sisemi tuache Bismarck. Nasema mtoto wa Vihiga, au wa ushago wowote, aanze na kibao cha geti lake. Mwalimu anaweza kuwatuma wanafunzi kwa wazee na daftari moja tu: nani alitoa shamba la shule, nani alibeba mawe, nani alikatazwa kusoma kwa sababu ni msichana.

Hakuna mtu wa Berlin atakuja kutuandikia hayo. Na wanaoyakumbuka wanazidi kuondoka. Desemba ukienda ushago, weka simu kando dakika kumi, umuulize shosho alisomea wapi. Kisha nyamaza umsikize.