Kiti cha Mwanangana: Miguu Yake Inasema Nini?

Vijana wetu wanaojifunza kazi ya mbao wanapenda sana miguu ya viti inayopindika, ile wanayoita Louis XV, jina la mufalme aliyetawala Ufaransa tangu 1715 mpaka 1774. Si vibaya. Lakini tukiwauliza namna gani wankambo walichonga miguu ya kiti, wengi wananyamaza. Njo maana tunaandika kurasa hizi.

Kwa Waluba, kiti cha heshima, lupona, kinatoka katika kipande kimoja cha muti. Pa kukalia, sanamu ya mwanamuke anayepabeba, na tako la chini: vyote ni muti mumoja, bila musumari wala gundi.

Watshokwe, wale wa Dilolo na Sandoa pamoja na ndugu zao wa Angola, waliongeza njia ingine. Biashara ya nta, pembe za tembo na mupira iliwafikisha kwa Wareno wa pwani. Huko waliona kiti cha miguu mine, chenye mugongo wa kuegemea, na ngozi iliyopigiliwa misumari ya shaba. Katika karne ya 19 mafundi wao walikuwa wanatengeneza viti vya namna hiyo kwa ajili ya mwanangana, ni kusema mukubwa wa inchi. Kiti hicho kinaitwa ngundja.

Je, waliiga tu? Hapana. Fundi wa Ulaya alikuwa na mashine ya kuzungusha muti, nayo ilimupa miguu na vijiti vyenye pete pete. Fundi wa Kitshokwe alishika tezo na kisu. Kwenye vijiti vinavyofunga miguu aliweka watu: wachukuzi wa mizigo, wawindaji, mama na mutoto, vijana wa mukanda, mask Tshihongo na Pwo. Mukubwa akikaa, maisha yote ya inchi yako chini yake, nayo inamubeba.

Kazi hiyo inaomba akili, siyo mukono tu. Tezo inatoa umbo kubwa kwanza. Kisu kinafuata kwa macho, vidole na mistari midogo. Muguu lazima ubaki munene pale kijiti kinapoingia, kwani tundu linapunguza nguvu. Matundu mawili yakikutana pa urefu mumoja, muguu unapasuka. Afazali moja lipande kidogo, lingine lishuke. Tena muti mubichi unapokauka unapungua. Kijiti kikavu katika muguu wenye maji kidogo kitakazwa siku kwa siku. Ukigeuza, kijiti kibichi katika muguu mukavu, kiti kitaanza kulegea.

Leo vingi vya viti hivyo viko mbali, katika nyumba za makumbusho kama Tervuren, Ubelgiji. Mutoto wa Sandoa anaweza kumaliza masomo bila kugusa hata kimoja. Tukingoja virudi, wanaojua kusoma sanamu zile watakuwa wamekwisha kuondoka.

Basi tunaomba wenye atelie: kijana akimaliza kuchonga muguu wa Louis XV, mumupe kijiti kimoja achonge watu wa kwao, na mumutume kwanza kwa wazee aulize ni akina nani. Wankambo walikopa kiti. Hawakukopa maneno ya kuweka juu yake.