Bagamoyo, Mji wa Maji Mafupi

Maji yakipwa Bagamoyo, bahari hurudi mbali hata mashua zikabaki zimelala ubavu mchangani, na wachuuzi wa samaki huzifuata kwa miguu. Mgeni anayetaka kuuelewa mji huu na aanzie hapo, kabla hajakata tiketi ya makumbusho yoyote. Maji hayo mafupi ndiyo yaliyoulea mji, na ndiyo yaliyokuja kuuangusha.

Katika karne ya 19 jahazi za Unguja hazikuhitaji gati. Ziliingia maji yakijaa, zikakaa juu ya mchanga yakipwa, zikapakuliwa: nguo, shanga, nyaya za shaba. Kutoka bara walifika wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, baada ya miezi njiani kutoka Tabora na Ujiji, mabegani wamebeba pembe za ndovu. Katika misafara hiyo walikuwamo pia watu waliofungwa minyororo, waliovushwa kwenda kuuzwa Unguja.

Kabla ya Bagamoyo palikuwa na Kaole, kilometa tano hivi kusini. Msikiti wake wa mawe ya matumbawe unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Usiharakishe hapo. Tazama makaburi ya nguzo, uone vitundu vya duara vilivyopachikwa bakuli za kauri kutoka China. Kwenye kaburi la Sharifa watu bado huja kuomba dua. Wapelelezi Burton na Speke walipoelekea Ziwa Tanganyika mwaka 1857 walianzia safari Kaole. Leo mbele ya magofu ni mikoko, na bahari huioni mpaka uivuke mikoko hiyo.

Misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu ilianza 1868, ikawapokea watumwa waliokombolewa. Njia ya kuingilia ina miembe iliyopandwa 1871. Karibu yake kuna mbuyu wenye kipande cha mnyororo kinachochungulia kwenye gome. Inasimuliwa kuwa bibi mmoja Mfaransa alikuwa akimfunga punda wake hapo, na mti umekua ukameza pingili nyingine zote.

Wageni wengi huja kuuona mnara wa kanisa la misheni. Tarehe 24 Februari 1874 mwili wa David Livingstone ulifikishwa hapa, ukalazwa usiku mmoja kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa London. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walikuwa wameubeba kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo, zaidi ya kilometa 1,500. Mnara umepewa jina la Livingstone. Ningekuwa na uwezo, ningeuita wa Chuma na Susi: mazishi ya Westminster Abbey yalipofanyika Aprili mwaka huo, hao wawili hawakuwapo.

Baadaye Wajerumani wakaja, wakaufanya mji makao makuu ya koloni lao. Watu wa pwani walipigana nao chini ya Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889. Siku chache kabla ya hapo Emin Pasha, aliyekuwa amenusurika miaka ya vita katika jimbo la Ikweta, Sudan, alianguka kutoka dirisha la ghorofani kwenye karamu ya kumkaribisha Bagamoyo. Macho yake yalikuwa mabovu.

Meli za mvuke zilikuwa na shida kubwa zaidi kuliko macho ya Emin: zililazimika kutia nanga mbali. Mwaka 1891 makao makuu yakahamia Dar es Salaam, kwenye bandari yenye kina. Reli ya kati nayo ikaanzia huko mwaka 1905, na biashara ya bara ikaufuata mkondo huo. Boma la 1897, Ngome Kongwe na nyumba za Mtaa wa India zimebaki kwa sababu hakuna aliyekuwa na fedha za kuzibomoa ajenge nyingine.

Mwaka 2013 Tanzania ilitia saini makubaliano na China ya kujenga bandari kubwa Bagamoyo. Rais Magufuli akaukataa mradi kwa sababu ya masharti yake, kisha mwaka 2021 Rais Samia akatangaza kwamba utafufuliwa. Eneo lililochaguliwa ni Mbegani, ng'ambo ya Kaole, na ukishayaona magofu mwombe bodaboda akufikishe huko.