Familia ndani ya familia: tembe la Mbulu lina la kutufundisha

Wachoraji wa majengo wa siku hizi wana jambo moja wanaloringia sana. Kwenye kompyuta hawachori mlango mstari kwa mstari. Wanachukua mlango mzima ulio tayari. Ndani yake mna fremu, bawaba na kitasa. Ukibadilisha upana wa mlango, vilivyomo ndani vinajipanga upya vyenyewe. Kwenye Revit, programu iliyotoka mwaka 2000, kifurushi cha namna hiyo huitwa familia, na familia moja hukaa ndani ya nyingine. Utadhani neno wamelichukua kwetu!

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa MIT kule Marekani, alitengeneza Sketchpad. Ulichora kitu kimoja cha mfano, ukakinakili utakavyo, hata ndani ya mchoro mwingine. Ukirekebisha ule mfano, nakala zote zinafuata.

Sasa twende Mbulu.

Wairaqw (wengi tumezoea kuwaita Wambulu) walijenga tembe bila karatasi. Kipande cha kwanza ni nguzo yenye panda. Juu ya panda inalazwa boriti, juu ya boriti miti myembamba, kisha matawi, nyasi na mwisho udongo. Paa ni bapa na zito, kwa hiyo nafasi kati ya nguzo inaamuliwa na nguvu ya miti uliyonayo. Ukitaka nyumba pana zaidi, hurefushi boriti. Unaongeza safu ya nguzo. Mifugo nayo ililala ndani, kwa hiyo zizi ni sehemu ya hesabu. Halafu kuna mteremko: nyuma ya nyumba inachimbwa ndani ya kilima, na kilima chenyewe kinakuwa ukuta. Ukiwa juu ya kilima unaweza usijue kama chini yako kuna watu.

Kwa nini hivyo? Jibu lililozoeleka ni kwamba walikuwa wanajificha wasivamiwe na Wamasai katika karne ya 19. Hadithi hiyo ya kuzingirwa ilitumika hata kueleza kilimo chao cha kutunza udongo milimani. Mwaka 2004 Lowe Börjeson wa Stockholm aliipinga kwa upande wa kilimo: alisema mashamba yale yalijengwa hatua kwa hatua, kwa kazi ya kila siku, si kwa sababu watu walibanwa. Mimi naona hoja yake inawapa heshima zaidi. Mtu anayejificha tu hahesabu nguzo kwa uangalifu ule.

Kosa kubwa kwenye programu zile ni kuweka kipande ndani ya kingine halafu usikiunganishe. Mlango unapanuka, kitasa kinabaki pale pale, katikati ya ubao. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba hadi mwisho wa 1976 kila mtu wa vijijini awe anaishi kijijini. Hanang nayo ikapangwa. Nyumba zikawekwa kwa mistari, lakini maji, malisho na shamba vikabaki vilikokuwa. Wakati huohuo, uwanda wa Basotu, malisho ya Wabarabaig, ulikuwa unageuzwa mashamba ya ngano kwa msaada wa Kanada, takriban ekari 100,000. Boma la mfugaji bila malisho ni kitasa kisicho na mlango.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope kutoka Mlima Hanang liliiangukia Katesh na vijiji jirani, likaua watu zaidi ya 80. Baadaye nyumba zaidi ya 100 zilijengwa kwa waliopoteza makazi. Ni jambo jema, tena sana. Lakini ndugu msomaji, kabla ya kuhesabu vyumba, tuulize maswali ya fundi wa tembe: mteremko uko wapi, ng'ombe watalala wapi, na watoto wakiongezeka, nguzo inayofuata itasimama wapi?