Sheria na migogoro ya ardhi Gwarama

Gwarama ni kata ya nyanda za juu za Kigoma, nchi ya Waha. Zamani ilihesabiwa katika Wilaya ya Kibondo. Leo imo Wilaya ya Kakonko. Huko mtu hukutana na sheria kwanza shambani, kabla ya kuiona mahakamani.

Waha walikuwa na mwami aliyetawala na mteko, mzee wa ardhi, aliyegawa mashamba. Uchifu ulifutwa mwaka 1963, lakini mila ya ardhi ilibaki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaitambua hakimiliki ya kimila, ila kwa sharti moja zito: mila inayomnyima ardhi mwanamke, mtoto au mlemavu ni batili. Hicho ni kifungu cha 20, na kila mjane anastahili kusomewa.

Tuseme mkulima anarudi shambani msimu wa maharage na kukuta minyaa ya mpakani imekatwa, matuta ya jirani yameingia hatua tatu kwake. Anaanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, wakiwemo wanawake 3, walioidhinishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Baraza hili halihukumu, linasuluhisha. Nguvu yake ni ukaribu: wajumbe huweza kufika mpakani wenyewe, wakatazama visiki vya minyaa vilivyosalia na kumwuliza bibi aliyelima hapo kabla wagomvi hawajazaliwa.

Usuluhishi ukishindikana, lipo Baraza la Kata. Hadi mwaka 2021 liliweza kutoa uamuzi. Tangu marekebisho ya mwaka huo linasuluhisha tu, kwa siku 30. Baada ya hapo shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha kwa rufaa Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani.

Kama ugomvi ulifika kupigana ngumi, hiyo ni jinai, na huanzia Mahakama ya Mwanzo. Kosa la jinai huthibitishwa pasipo kuacha shaka ya msingi. Katika madai hushinda mwenye ushahidi mzito zaidi.

Mwaka huohuo wa 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na mahakama. Kwa miaka mingi kabla ya hapo mkulima alitoa ushahidi kwa Kiswahili, na hukumu ya Mahakama Kuu juu ya shamba lake ikaandikwa kwa Kiingereza, akasubiri mtu wa kumsomea.