Fahali wa Barafuni

Mara yangu ya kwanza kutazama hoki ya barafuni nilikuwa mgeni mjini St. Paul, Minnesota, nchini Marekani. Wachezaji waliteleza kwa viatu vya vyuma, wakigombea kisahani cheusi kwa magongo. Ghafla wawili wakatupa glavu zao, wakaanza kutwangana ngumi za uso. Waamuzi wakasimama kando wakingoja mmoja aanguke. Uwanja mzima uliinuka kushangilia. Nami niliinuka, nikapiga makofi.

Mwenyeji wangu akanieleza kwamba yule mrefu, Derek Boogaard, alikuwa ameajiriwa kwa kazi hiyo. Mbabe wa timu ndiye mlinzi wa wafungaji wake: ukimchezea rafu mmoja wao, utakutana naye. Adhabu ya kupigana ni kukaa nje dakika tano, kisha mtu hurudi mchezoni.

Boogaard, Mkanada mwenye kimo cha mita 2.01, aliingia ligi kuu, NHL, mwaka 2005. Katika mechi 277 alifunga mabao 3 tu, lakini adhabu zake zilifika dakika 589. Mwaka 2006 alimvunja Todd Fedoruk mifupa ya uso. Mwaka 2007 wawili hao wakavaa jezi moja. Ndivyo kazi yao ilivyokuwa.

Mwaka 2010 New York Rangers walimpa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 6.5. Alicheza mechi 22. Tarehe 9 Desemba mwaka huo aliumizwa kichwa katika pigano huko Ottawa, asicheze tena. Tarehe 13 Mei, 2011, alifariki kwa mchanganyiko wa pombe na dawa kali za maumivu, ambazo zilikuwa zimemtawala. Alikuwa na miaka 28. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Boston waliukuta ubongo wake umeathirika kwa ugonjwa unaohusishwa na kupigwa kichwani mara kwa mara.

Wahenga walisema, wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Hapa nyasi zililindwa, akaumia fahali.

Siku hizi mapigano yamepungua sana katika ligi hiyo, ingawa hayajakoma. Wengi huwalaumu makocha na wenye timu, nami nawalaumu. Lakini kila nikiukumbuka usiku ule najiuliza: kama sisi tungebaki tumekaa kimya, nani angewalipa wapigane?