Mwanga Katika Kubaini na Kutibu Saratani ya Ini: Uwezo na Mipaka Yake

Saratani ya ini ni miongoni mwa saratani zinazoongoza kwa kusababisha vifo duniani. Takwimu za Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani zinaonesha kuwa mwaka 2022 takriban watu 866,000 waligundulika kuwa na ugonjwa huo, na takriban 758,000 walifariki. Idadi ya vifo inakaribia idadi ya wagonjwa wapya kwa sababu ini haliumi mapema, na wagonjwa wengi hufika hospitalini uvimbe ukiwa umeshakua au kusambaa.

Kwa wale wanaowahi, upasuaji wa kuondoa sehemu ya ini yenye uvimbe ni moja ya njia kuu za tiba. Katika eneo hilo, matumizi ya mwanga yamepiga hatua kubwa. Makala haya yanaeleza namna mwanga unavyotumika, mahali ambapo umethibitika kuwa na manufaa na mahali ambapo bado upo katika utafiti.

Tofauti ya mwanga na tiba mionzi

Ni vyema mwananchi atofautishe mambo haya mawili. Tiba mionzi, kama ile inayotolewa na Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, hutumia mionzi yenye nguvu kubwa inayopenya mwili na kuharibu vinasaba vya seli za saratani. Mwanga unaozungumziwa hapa ni ule unaoonekana kwa macho, au mwanga wa infraredi, ambao upo jirani na rangi nyekundu lakini jicho haliuoni. Nguvu yake ni ndogo, na haufiki mbali ndani ya mwili.

Kuuona uvimbe wakati wa upasuaji

Nyenzo kuu katika kazi hii ni dawa ya rangi iitwayo indosianini ya kijani, iliyoidhinishwa kwa matumizi ya binadamu nchini Marekani mwaka 1959. Dawa hiyo ikichomwa kwenye mshipa, ini huinyonya kutoka katika damu na kuitoa kupitia nyongo. Kwa sababu hiyo, madaktari nchini Japani waliizoea kwa muda mrefu kama kipimo cha uwezo wa ini kabla ya upasuaji: kiasi kikubwa kikibaki katika damu baada ya dakika 15, ini ni dhaifu na haifai kukata sehemu kubwa.

Indosianini ina sifa nyingine. Ikimulikwa kwa mwanga wa infraredi wenye urefu wa mawimbi wa takriban nanomita 800, nayo hutoa mng'ao unaonaswa na kamera maalumu. Mwaka 2009, daktari mpasuaji Takeaki Ishizawa na wenzake wa jijini Tokyo walichapisha matokeo ya kuwachunguza wagonjwa waliokuwa wamechomwa dawa hiyo siku chache kabla ya upasuaji kwa ajili ya kipimo cha ini. Kamera ilionesha uvimbe wa saratani uking'aa ndani ya ini. Baadhi ya uvimbe huo ulikuwa mdogo kiasi kwamba haukuonekana kwa macho.

Sababu yake inaeleweka. Seli nyingi za saratani inayoanzia kwenye ini bado zina uwezo wa kuinyonya dawa, lakini njia zake za kuitoa kwenye nyongo zimeharibika. Ini zima huisafisha dawa ndani ya siku chache, wakati uvimbe hubaki nayo. Kwa saratani iliyosambaa kutoka kwenye utumbo, seli zenyewe haziinyonyi dawa. Kinachong'aa ni tishu ya ini iliyobanwa kuuzunguka uvimbe, na mpasuaji huona mfano wa pete.

Manufaa yake ni makubwa hasa katika upasuaji wa matundu madogo, ambapo daktari hawezi kulishika ini kwa mkono na kuuhisi uvimbe. Mng'ao humsaidia kujua aanzie wapi kukata na aishie wapi, ili asiache saratani nyuma wala kuondoa ini zima bila sababu.

Hata hivyo, njia hii ina mipaka. Mng'ao hauonekani vizuri kutoka kina kinachozidi takriban sentimita moja, hivyo haichukui nafasi ya ultrasaundi, CT-Scan wala MRI. Katika ini lililosinyaa, vinundu visivyo vya saratani navyo vinaweza kung'aa. Aidha, dawa hiyo huwa na madini joto, na mgonjwa mwenye mzio anapaswa kumweleza daktari mapema.

Kutibu kwa mwanga

Kwa upande wa tiba, njia iliyokwisha kutumika kwa wagonjwa wa saratani ya ini ni leza. Daktari, akiongozwa na ultrasaundi, hupitisha sindano nyembamba hadi kwenye uvimbe mdogo, kisha uzi wa kioo hupeleka mwanga unaogeuka kuwa joto na kuunguza seli. Njia hii imetumika katika baadhi ya hospitali za Italia na Ujerumani, ingawa mawimbi ya redio na maikrowevu hutumika zaidi kwa kazi hiyo.

Njia ya pili ni tiba ya fotodainamiki. Mgonjwa hupewa dawa isiyo na makali makubwa mpaka imulikwe. Ikipata mwanga na oksijeni, hutengeneza kemikali zinazoua seli zilizo karibu. Tiba hii hutumika kwa baadhi ya saratani za ngozi na za koo la chakula, na imetumika pia kwa saratani ya njia ya nyongo. Kwa saratani ya ini lenyewe bado inafanyiwa utafiti, kwani ini limejaa damu, na damu humeza mwanga haraka.

Njia ya tatu huunganisha dawa inayowashwa na mwanga na kingamwili inayozitambua seli za saratani. Japani iliidhinisha tiba ya aina hiyo mwaka 2020 kwa saratani za kichwa na shingo. Kwa ini, hatua hiyo haijafikiwa.

Wananchi wazingatie nini

Hakuna taa inayowekwa juu ya ngozi ya tumbo inayoweza kuondoa saratani ya ini. Mgonjwa anayeacha matibabu ya hospitali kwa kufuata ahadi za namna hiyo hupoteza muda ambao upasuaji ungeweza kumsaidia.

Ikumbukwe pia kuwa mwanga humfaa mgonjwa aliyegundulika mapema. Wenye maambukizi ya kudumu ya homa ya ini B au C, au ini lililosinyaa, wamuulize daktari kuhusu uchunguzi wa ultrasaundi, ambao kwa walio katika hatari kubwa hufanyika kila baada ya miezi sita. Wazazi wahakikishe watoto wanakamilisha chanjo ya pentavalenti, yenye kinga ya homa ya ini B, wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Kaya nazo zikaushe na kuhifadhi vizuri mahindi na karanga ili kuepuka sumukuvu, ambayo huongeza hatari ya saratani ya ini, hususan kwa mwenye homa ya ini B.