Ukurasa wa 'Yaliyomo' kwenye jarida la muziki: unapangwaje na kwa nini

Ukurasa wa yaliyomo ni ule wa mwanzoni mwa jarida unaokuambia ndani kuna nini na kiko ukurasa wa ngapi. Wengi tunaupita chapu chapu. Lakini kwenye jarida la muziki ndio unaoamua nani atafutwe na nani apitwe, ndiyo maana majarida makubwa ya London na New York yanaupanga kwa namna inayokaribia kufanana.

Makala hii ni kwa yeyote wa Same, Mwanga au kwingineko anayewaza kutoa jarida la muziki wa kwao, liwe la karatasi au PDF ya kutuma WhatsApp.

Kibongo tumezoea ukurasa wa mbele

Ukisimama kwenye meza ya magazeti stendi, utaona magazeti yetu mengi, hasa ya udaku na michezo, hayahangaiki na ukurasa wa yaliyomo. Kazi hiyo inafanywa na ukurasa wa mbele: kichwa kikubwa, picha ya msanii, na chini yake "Uk. 3" au "Habari kamili uk. 5". Mpita njia anasoma bure, anaamua kama atoe hela au aende zake. Habari za Bongo Fleva zimekaa zaidi humo, kwenye kurasa za burudani, kuliko kwenye majarida ya muziki tupu.

Waliokua na kaseti walikuwa na yaliyomo yao pia. Karatasi ya ndani ya jalada iliandikwa Upande A na Upande B, nyimbo zikafuatana kwa namba. Wimbo unaoupenda ukiwa wa tatu upande B, ulijua uzungushe mkanda mpaka wapi, na kama betri zimeisha nguvu uliuzungusha kwa kalamu. Orodha ikikosewa ulizunguka bure.

Majarida halisi tuliyoyashika wengi tukiwa sekondari ni kama Femina, lililoanza mwaka 1999 na baadaye likajulikana kama Fema, ambalo limekuwa likipelekwa bure shuleni. Si jarida la muziki, ni la vijana na maisha, ila wasanii wamekuwa wakionekana humo.

Vitu ambavyo havikosekani

Kwanza, mahali. Ukurasa wa yaliyomo hupenda kukaa mkono wa kulia, yaani namba witiri: 3, 5 au 7. Ukifunua karatasi, jicho linatua kulia kwanza. Majarida yenye matangazo mengi huusogeza ndani zaidi kwa sababu kurasa za mbele kabisa zinauzwa ghali.

Pili, jina la jarida na tarehe au namba ya toleo hurudiwa juu, kwa herufi zilezile za jalada. Rolling Stone, lililoanzishwa San Francisco mwaka 1967, limejulikana kwa kuhesabu matoleo yake kwa "RS" na namba. Faida yake ni kwamba ukurasa ukichanika na kubaki peke yake, bado unajulikana ni wa jarida gani na toleo gani.

Tatu, na hapa ndipo penye kazi, orodha hugawanywa mafungu mawili. Fungu moja ni makala za toleo hili tu: mahojiano makubwa, habari ya jalada, safari na bendi. Fungu la pili ni vitu vya kudumu: barua za wasomaji, uhakiki wa albamu, ratiba ya maonyesho. Q, jarida la Uingereza lililotoka mwaka 1986 hadi 2020, lilifanya hivyo kwa nyekundu, nyeusi na nyeupe, na uhakiki ukapewa kisanduku chake. Mantiki yake ni nyepesi. Msomaji mpya anataka kujua leo kuna nini, wa siku zote anataka kurudi kwenye kona yake bila kutafuta.

Nne, namba ya ukurasa hutangulia kichwa cha habari, na huandikwa kwa rangi nyingine au unene mwingine. Chini ya kichwa huja mstari mmoja mfupi wa kuvuta. Mstari huo usirudie kichwa. "Kwaya ya Suji" ni kichwa kisichosema kitu. "Sauti nne bila kinanda" inamfanya mtu afunue.

Tano, picha. Picha kubwa huwa ni ya msanii wa jalada, lakini isiwe ileile ya jalada. Awe amekaa vingine, pengine kazini. Namba ya ukurasa huwekwa juu ya picha yenyewe, kubwa, ili asiyependa kusoma orodha aingilie hapo. Jarida la Kimarekani la Vibe, lililozinduliwa mwaka 1993 kwa mkono wa Quincy Jones, lilikwenda mbali zaidi: picha moja ikajaza ukurasa mzima, herufi kubwa V nyuma ya msanii, maandishi machache pembeni. Inapendeza, ila inahitaji picha kali na karatasi nzuri. Kerrang!, la muziki wa roki mzito tangu 1981, lilichagua kinyume: picha nyingi ndogo, vichwa vinene, na barua ya mhariri yenye picha yake.

Rangi hazizidi tatu, na aina za herufi hazizidi mbili. Ukiona ukurasa una herufi za aina sita, jua aliyeupanga ndiyo kwanza amefungua programu.

Orodha ya majina

Kuna kitu kimoja cha NME ambacho naona kingetufaa kuliko vyote. Jarida hilo la Uingereza lilianza mwaka 1952 na likaacha kuchapwa kila wiki mwaka 2018. Kwa miaka fulani, ukurasa wake wa yaliyomo ulikuwa na safu nyembamba pembeni: majina ya bendi zote zilizotajwa ndani ya toleo, kwa alfabeti, kila jina na namba ya ukurasa wake.

Fikiria maana yake. Kwenye orodha ya kawaida, nyota anapewa picha na mistari mitatu, na mdogo aliyetajwa aya moja ukurasa wa 14 hana pa kuonekana. Kwenye orodha ya alfabeti wote wanaandikwa kwa herufi za ukubwa mmoja, mstari mmoja mmoja.

Sasa lete huku kwetu. Tuseme unatoa jarida la kurasa 16 kuhusu muziki wa Same na milima yake. Jalada utampa nani? Pengine msanii wa mjini mwenye video YouTube, kwa sababu ndiye atakayeuza. Sawa. Lakini humo ndani kuna mpiga ngoma wa Mbaga, kuna mama anayeongoza nyimbo za harusi kwa Chasu, yaani Kipare, kuna dogo wa Hedaru anayerekodi chumbani, kuna kwaya tatu. Bila orodha ya majina, ndugu wa yule mama akishika jarida haoni sababu ya kulinunua. Akiliona jina lake pale ukurasa wa 3, kando yake namba 11, analinunua, na pengine anachukua nakala mbili. Jina hilo ndilo litakalompa mtu wa kumtafuta miaka kumi baadaye, wimbo wenyewe ukiwa umebaki kwenye simu iliyokufa.

Kwa hiyo andika jina kama mwenyewe anavyojiita, na kama ana jina la kisanii weka yote mawili akiridhia. Mpiga kinanda na mpiga ngoma nao waingie, wasiishie kwa mwimbaji tu.

Hesabu ya kurasa

Hapa wengi wanakwama. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne za A5. Karatasi nne zinatoa 16. Ukiwa na makala za kurasa 17 unalazimika kuongeza karatasi ya tano, zinakuwa 20, na tatu zinabaki wazi. Amua idadi kwanza: 8, 12, 16 au 20. Ndipo ugawe nani apate ngapi.

Ukurasa wa yaliyomo upange mwisho kabisa, japo unasomwa mwanzo. Sababu ni kwamba tangazo la duka linaweza kuingia dakika za mwisho, kila kitu kikasogea ukurasa mmoja, na namba zako zote zikawa uongo. Acha nafasi yake, ujaze baadaye.

Kama unatoa kopi nyeusi na nyeupe pale stesheneri, sahau picha za giza. Mashine ya kopi inageuza uso kuwa doa jeusi. Tumia picha iliyopigwa mchana, nyuma pakiwa peupe. Na usiweke maandishi juu ya picha. Kinachosomeka kwenye skrini hakisomeki kwenye kopi. Badala ya rangi, tofautisha namba kwa unene.

Likisomwa kwenye simu

Mpangilio wa safu tatu uliobuniwa kwa karatasi kubwa unakufa kwenye simu. Msomaji anavuta skrini kulia na kushoto mpaka anachoka. Weka safu moja, herufi kubwa, na kila kichwa ukifanye kiungo: akigusa, anafika. Programu nyingi za kuandikia zinaweza kufanya hivyo unapohifadhi PDF.

Na jalada lihesabiwe kuwa ukurasa wa 1. Usipolihesabu, simu itaonyesha 12 pale ulipoandika 11, na mtu atadhani umekosea wewe.

Kabla hujachapa, mpe jarida mtu ambaye hajaliona. Mtajie majina matano kutoka kwenye orodha, ayatafute kwa namba ulizoandika. Akifika kote bila kukuuliza, peleka stesheneri. Akikwama hata pamoja, rudi uhesabu upya kuanzia jalada.